Kampuni Ndiyo Iliyoshtakiwa, Si Mama



Likizo iliyopita, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinisubiri mlangoni wakati watu wakitawanyika. Mkononi alikuwa na simu. "Frateri, hebu sikiliza hiki," akaniambia, akafungua ujumbe wa sauti uliokuwa umezunguka katika makundi ya WhatsApp. Mwanamume mmoja alieleza kwa uhakika mkubwa kwamba dawa za sonona zinaharibu watoto tumboni, kwamba huko Marekani kampuni imeshtakiwa na kulipa mabilioni, na kwamba hospitali zetu bado zinawapa wajawazito dawa hizo hizo. Mkwe wa mama huyu alikuwa na mimba ya miezi minne, na alikuwa kwenye dawa tangu alipougua sonona baada ya uzazi wake wa kwanza. Mama alitaka neno moja tu kutoka kwangu: aendelee au aache?

Nilijibu vibaya. Nilisema kama mambo yenyewe ndiyo hayo, afadhali aache kwanza, na sisi tutamwombea. Sikuuliza ni dawa gani. Sikuuliza daktari amesema nini, wala mkwe mwenyewe anajisikiaje. Wiki mbili baadaye nikasikia kwamba dada yule halali usiku, chakula hagusi, na mtoto wake mkubwa analelewa na jirani. Mumewe amempeleka hospitali. Huko alirudishiwa dawa, akawekwa chini ya uangalizi, na namshukuru Mungu kwamba alitulia. Lakini neno langu lilikuwemo katika safari ile ya hospitali. Ndiyo maana niliporudi seminarini nilikaa na kusoma kesi zile za Marekani zilivyokuwa, si kama ujumbe ule ulivyozisimulia.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba ujumbe haukuwa uongo mtupu. Kesi zilikuwapo kweli, na fedha zililipwa kweli.

Dawa iliyoanza yote inaitwa paroxetine. Marekani inauzwa kwa jina la Paxil, Uingereza kwa jina la Seroxat, na ni moja ya kundi la dawa za sonona linalojulikana kwa herufi SSRI, ambalo pia lina fluoxetine na sertraline. Desemba 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu paroxetine kwa wajawazito. Katika kumbukumbu za uzazi za Sweden, miongoni mwa watoto ambao mama zao walitumia paroxetine mwanzoni mwa mimba, takriban 2 kati ya 100 walikuwa na kasoro za moyo, wakati kwa watoto wote kwa jumla ilikuwa takriban 1 kati ya 100. Takwimu za bima za Marekani zilionyesha tofauti ndogo zaidi, 1.5 kwa 1. Dawa ikahamishwa hadi daraja lenye maana kwamba ushahidi wa hatari kwa mtoto upo, ingawa faida kwa mama fulani inaweza bado kuwa kubwa kuliko hatari hiyo.

Oktoba 2009, mjini Philadelphia, kesi ya kwanza ya aina hii ilifika mbele ya juri, yaani raia wa kawaida wanaofanana kidogo na wazee wetu wa baraza, ila wao ndio wanaoamua. Mtoto alikuwa amezaliwa mwaka 2005 na kasoro za moyo, na mama yake alitumia Paxil wakati wa mimba. Juri iliona kwamba kampuni ya GlaxoSmithKline ilizembea kumwonya daktari wa mama huyo, ikaamuru familia ilipwe dola milioni 2.5. Haikuongeza fidia ya kuiadhibu kampuni. Mwaka uliofuata vyombo vya habari viliripoti kwamba kampuni imekubali kulipa zaidi ya dola bilioni 1 ili kumaliza kesi takriban 800. Hayo ndiyo mabilioni ya ule ujumbe wa sauti.

Wala sina nia ya kuitetea kampuni. Mwaka 2012 GlaxoSmithKline hiyo hiyo ilikiri makosa mahakamani nchini Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 3, na mojawapo ya makosa lilikuwa kuitangaza Paxil kwa watoto wa chini ya miaka 18 ilhali haikuwa imeidhinishwa kwa ajili yao. Hilo halikuhusu mimba, lakini linatosha kumfanya mtu asome kwa jicho kali maneno ya anayeuza dawa. Mzazi aliyekwenda mahakamani kuuliza "mlijua nini, na kwa nini hamkuniambia?" aliuliza swali la haki kabisa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo ujumbe haukuisema. Baada ya Paxil, mamia ya familia walifungua kesi dhidi ya kampuni ya Pfizer kuhusu sertraline, ambayo huko inauzwa kwa jina la Zoloft. Mwaka 2015 juri ya St. Louis ilisikiliza kesi moja na kuamua upande wa Pfizer. Miezi miwili baadaye juri ya Philadelphia ikafanya vivyo hivyo katika kesi nyingine. Kesi za mahakama za shirikisho, zaidi ya 300, zilikuwa zimekusanywa mbele ya Jaji Cynthia Rufe huko huko Philadelphia. Yeye alikagua njia walizotumia wataalamu wa upande wa wadai kufikia hitimisho lao, akaona hazikufuata kanuni ambazo wanasayansi wenyewe hujiwekea, na akakataa ushahidi wao. Aprili 2016 akazifuta kesi hizo, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 2017.

Kwa hiyo dawa mbili za kundi moja, nchi moja, hata mji mmoja, na matokeo mawili. Mtu anayesema "mahakama ya Marekani imethibitisha kwamba dawa za sonona zinaharibu watoto" amesoma ukurasa mmoja na kufunga kitabu.

Kwa nini jambo hili ni gumu hivyo? Wenzangu wa mwaka wa kwanza wa falsafa watakumbuka lile kosa la mantiki tunalofundishwa mapema, *post hoc ergo propter hoc*: hiki kimetokea baada ya kile, basi kile ndicho kilichosababisha hiki. Darasani tunalicheka. Tunatoa mfano wa jogoo anayewika kisha jua linachomoza, tunasonga mbele. Lakini jiweke katika nafasi ya mama ambaye mtoto wake ana tundu kwenye moyo. Anarudi nyuma miezi tisa, anahesabu kila alichokula, kila alichobeba, kila kidonge. Kwake kosa hili haliwezi kuwa zoezi la darasani. Ni usiku mzima bila usingizi.

Chukua zile namba za Sweden, na tuseme ni sahihi kabisa. Kati ya mama 100 waliotumia paroxetine, wawili wanapata mtoto mwenye kasoro ya moyo. Lakini mmoja angempata hata bila dawa, kwa sababu karibu mtoto mmoja kati ya 100 duniani huzaliwa na kasoro ya moyo, mama awe ametumia dawa au hakutumia chochote. Mama wawili wamekaa mbele yako. Mmoja dawa imemgusa, mwingine haikumgusa. Yupi ni yupi? Hakuna daktari anayeweza kukuonyesha kwa kidole. Mahakama inalazimika kuamua kwa sababu lazima kesi iishe, na katika madai ya fidia inatosha upande mmoja uelemee zaidi kidogo kwenye mizani. Huo ni utaratibu mzuri wa kugawa gharama, lakini hauwezi kuwa njia ya kujua kilichotokea tumboni mwa mama fulani. Na mama wengine 98 kati ya wale 100 walizaa watoto wasio na kasoro ya moyo.

Tena kuna ugumu mwingine. Wanaotumia dawa za sonona ni watu wenye sonona. Mtu mgonjwa pengine anakula vibaya, anakosa kliniki, anavuta sigara au anakunywa pombe, au ana magonjwa mengine pamoja. Ukikuta watoto wao wana matatizo zaidi kidogo, ni kidonge, au ni ugonjwa uliosababisha kidonge kitumike? Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wajawazito 949,504 wa Marekani, kati yao 64,389 waliotumia dawa za sonona katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa mtazamo wa kwanza watoto wa waliotumia dawa walikuwa na kasoro za moyo zaidi: takriban 90 kwa kila 10,000, dhidi ya 72. Lakini walipolinganishwa na wanawake wengine wenye sonona, na mambo mengine yakazingatiwa, tofauti hiyo karibu ilitoweka. Mwaka uliofuata utafiti mwingine katika jarida la BMJ haukuona tatizo kwa sertraline, ila paroxetine ikaendelea kuhusishwa na baadhi ya kasoro. Ndiyo maana hadi leo madaktari wengi hawapendi kumwanzishia mjamzito paroxetine kama kuna dawa nyingine.

Kuna hadithi ya zamani kidogo ambayo nadhani kila mseminari anayependa kuhubiri juu ya dawa angeisoma kwanza. Kulikuwa na dawa ya kichefuchefu cha mimba iitwayo Bendectin. Familia nyingi Marekani zilimshtaki mtengenezaji kwamba imewapa watoto ulemavu. Moja ya kesi hizo ilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na uamuzi wake wa mwaka 1993 ndio uliowapa majaji wa shirikisho kanuni ya kupima ushahidi wa wataalamu, kanuni ile ile aliyoitumia Jaji Rufe. Lakini mtengenezaji hakusubiri. Mwaka 1983 alikuwa amekwisha kuiondoa dawa sokoni, kwa kuchoshwa na gharama za kesi. Baadaye FDA ilitamka kwamba haikuondolewa kwa sababu ya kutokuwa salama, na mwaka 2013 mchanganyiko ule ule ukaidhinishwa tena kwa jina jipya. Kwa miaka 30 wajawazito wa nchi tajiri kuliko zote walikosa dawa iliyokuwa haina hatia.

Hapo katikati, kati ya Paxil na Bendectin, ndipo tunapaswa kusimama. Kampuni zinaweza kuficha. Hofu nayo inaweza kudhuru. Anayejua nusu moja tu ya maneno haya ni mshauri hatari, nami nilikuwa huyo mshauri.

Lakini kilichonisumbua zaidi katika kusoma kwangu ni hiki. Katika kesi zote nilizozitaja, mama hakuwa mshtakiwa hata mara moja. Yeye ndiye aliyedai. Aliyesimama kizimbani ni kampuni, na swali lilikuwa kama ilijua na ikanyamaza. Habari zilipovuka bahari na kuingia katika simu zetu, kizimba kikabadilisha mtu. Katika mazungumzo ya jumuiya sikumsikia mtu akiilaumu kampuni. Niliwasikia watu wakiuliza: "Kwa nini anameza madawa na ana mimba?" "Hamwonei huruma mtoto?" "Hana imani?" Kesi iliyofunguliwa ili kumtetea mama tumeifanya kuwa hati ya mashtaka dhidi yake.

Injili ya Yohane sura ya 9 tunaijua. Wanafunzi wanamwona kipofu tangu kuzaliwa, na jambo la kwanza linalowajia ni kumtafuta mkosaji, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa swali lenyewe. Kisha anatema mate chini, anafanya tope, anampaka macho. Napenda kukumbuka kwamba alitumia tope: kitu cha kushikika, karibu na dawa kuliko hotuba.

Na sonona si huzuni ya kawaida ambayo mtu mwenye imani angeweza kuikemea ikaondoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea takriban mjamzito mmoja kati ya sita, na mama mmoja kati ya watano waliojifungua, hupatwa na tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Isipotibiwa, inahusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na wenye uzito mdogo, na kwa baadhi ya mama inafika hadi kujiua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wajawazito 201 waliokuwa wametulia kwa dawa. Kati ya walioacha, asilimia 68 ugonjwa uliwarudia kabla ya kujifungua. Kati ya walioendelea, asilimia 26. Hao walikuwa wagonjwa wa kliniki maalumu, wengi wameugua muda mrefu, hivyo nisingesema kila mtu yuko hivyo. Lakini "acha kwanza" yangu haikuwa njia salama ya katikati. Ilikuwa dawa pia, niliyoiandika mimi bila cheti.

Tunafundishwa kanuni ya tendo lenye matokeo mawili, ambayo mizizi yake iko kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino: tendo jema au lisilo baya, lenye kusudi jema, linaweza kufanywa hata kama linaleta pia madhara yasiyokusudiwa, mradi madhara hayo yasiwe ndiyo njia ya kupata lile jema na sababu iwe nzito ya kutosha. Mama anayemeza dawa ili aweze kulala, kula na kumlea mtoto hakusudii kumdhuru aliye tumboni. Kama anahofia kwamba amekwisha kutenda dhambi kwa sababu ya kidonge, hiyo kanuni imfikie, na imfikie kwa lugha nyepesi. Uzito wa sababu, hata hivyo, haupimwi na mimi. Thomas huyo huyo anaweka usikivu miongoni mwa sehemu za busara: hakuna anayejitosheleza, lazima akubali kufundishwa na wanaojua. Nilifaulu mtihani wa somo hilo. Mlangoni kwa yule mama nilifeli.

Nisieleweke kwamba kila dawa ni salama. Valproate, dawa ya kifafa ambayo pia hutumika kwa baadhi ya magonjwa ya akili, hatari yake kwa mtoto tumboni ni kubwa na imethibitika. Takriban mtoto mmoja kati ya 10 wa mama wanaoitumia huzaliwa na ulemavu. Mwanamke anayeitumia na anatarajia kupata mtoto amwone daktari wake mapema, kabla ya mimba kama inawezekana. Lakini hata yeye asiitupe ghafla, maana degedege la mama linaweza kuwaua wote wawili. Hata dawa za SSRI zikitumika mwishoni mwa mimba zinaweza kumfanya mtoto mchanga awe na mtetemeko au ashindwe kutulia kwa siku chache, na mara chache apate shida ya kupumua. Wakunga wakiambiwa mapema wanajiandaa. Mjamzito aliyefundishwa kuona aibu hatawaambia.

Hapo naona kazi yetu, kwa sababu mjamzito wa namna hii mara nyingi anamwendea paroko, frateri au mwenyekiti wa WAWATA kabla ya kumwendea mtu wa hospitali. Ningependa tunapofanya semina za akina mama tumwite muuguzi wa afya ya akili akae nasi saa moja, ajibu maswali kama la yule mama. Wanajumuiya wajue kwamba mtu aliyepata madhara ya dawa ana haki ya kulalamika, na kwamba hapa kwetu taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kupitia kituo cha afya. Hilo ni bora mara kumi kuliko kusambaza sauti ya mtu asiyejulikana. Na mwenzangu frateri, ukiulizwa kama nilivyoulizwa, maswali yawe matatu kabla ya jibu: dawa gani, daktari anasemaje, na yeye mwenyewe anaendeleaje? Kisha umsindikize kliniki, kama ana hofu ya kwenda peke yake. Yoshua bin Sira katika sura yake ya 38 anamtaka mgonjwa asali na pia ampe daktari nafasi yake. Mimi nilibaki na lile la kwanza tu.

Nilirudi kwa yule mama kumwomba radhi. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Frateri, na wewe ni mtoto bado." Kisha akaniomba nimtumie maelezo haya ya kesi za Marekani kwa sauti, si kwa maandishi, ili ayapeleke kwenye kundi lile lile yalikotoka yale ya kwanza. Nimerekodi dakika nne. Mkwe wake anatarajia kujifungua mwezi ujao, na wauguzi wa zamu wanajua anatumia dawa gani.